Mzunguko wa Mjomba Katika Nchi ya Zabibu

Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, na walimu wameitilia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, lakini sidhani kama wengi wetu tumewahi kuifikiria kwa makini. Mwanafunzi wa shule ya kutwa hatembei bure. Anatembea kwa sababu kengele haimngoji mtu, na kwa sababu nauli ya matatu ndiyo chakula chake cha mchana. Asubuhi anaishika njia moja, jioni anarudi nayo hiyo hiyo, hata angefumbwa macho kwa kitambaa angefika. Kwa hivyo mtu akiniambia kuwa kuna watu wazima wanaoamka alfajiri siku ya mapumziko, wakatembea kilomita kumi na mbili, kisha wakajikuta pale pale walipoanzia, ningemshauri awapeleke wakapimwe malaria.

Likizo ya Agosti iliyopita nilimwona mtu wa aina hiyo kwa macho yangu. Naye si mwingine bali mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama.

Mjomba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Miaka mingi ya kukaa kwenye usukani ilimpatia vitu viwili: mke wa Kigogo na ugonjwa wa sukari. Hicho cha kwanza hukishukuru kila siku. Hicho cha pili hukitembeza kila Jumamosi, maana daktari alimwambia kuwa dawa peke yake hazitoshi, lazima na miguu ifanye kazi. Sasa ameacha malori na anaishi karibu na Bihawana, kwenye barabara itokayo Dodoma kwenda Iringa, ambako ana duka dogo la vipuri. Mama alikuwa hajamwona kwa muda mrefu. Basi tulifunga virago, tukavuka mpaka Namanga, tukalala Arusha, na siku ya pili tukapita Babati na Kondoa hadi Dodoma, tukiwa tumechoka kama punda wa dobi.

Ndugu msomaji, Dodoma ndiyo makao makuu ya Tanzania. Uamuzi wa kuyahamishia huko ulipitishwa mwaka wa 1973, na sheria ya kuutangaza mji huo kuwa makao makuu rasmi ikaja mwaka wa 2018. Wenyeji husimulia kuwa jina hilo linatokana na neno la Kigogo la kudidimia, kwa ajili ya ndovu aliyekwenda kunywa maji akazama matopeni. Mjini humo kuna hata mtaa uitwao Kikuyu. Mama aliposikia hivyo alicheka hadi machozi yakamtoka, ati amevuka mpaka na kulala njiani, kumbe bado yuko Kiambu!

Siku ya Jumamosi, kabla jogoo hajawika mara ya pili, mjomba alinigongea mlango. Mama alijifunika blanketi akasema, "Huyu ndugu yangu amewehuka. Nendeni, mimi nitawapokea mkirudi." Tukatoka watatu: mjomba, binamu yangu ambaye tuko rika moja, na mimi. Mkazamjomba alitusindikiza hadi kizingitini, akamnong'oneza binti yake jambo sikioni, wote wawili wakamtazama mjomba wakacheka.

"Kwa nini tusiende tu mpaka mahali fulani halafu turudi?" nilimuuliza mjomba.

"Mimi ni dereva," alinijibu. "Dereva hapendi rivasi. Njia ya kwenda na kurudi ni ya kibarua. Anayetaka kuiona nchi, azunguke."

Nilikuwa nimedhani kuwa sehemu zote za Tanzania zina joto la Mombasa. Lahaula! Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Agosti huko hupenya sweta kana kwamba ni chandarua. Tuliiacha barabara kuu na malori yake, tukashika kijia chenye mchanga mwekundu. Kila upande ilikuwa ni mibuyu mikubwa isiyo na jani hata moja, matawi yake yakielekea mbinguni kama mizizi. Mashamba ya uwele na mtama yalikuwa yamekwisha vunwa, yakabaki mabua makavu ambayo mbuzi walikuwa wakiyahangaikia. Tulivuka korongo, yaani mto usio na maji, na humo tukawakuta akina mama wamechimba mashimo mchangani, wakichota maji kwa kata, taratibu, kana kwamba wanachota mafuta. "Mbukwenyi!" mjomba aliwaamkia kwa Kigogo, nao wakaitikia kwa furaha. Mimi nilitoa shikamoo yangu, nikajibiwa marahaba na watu watano kwa pamoja.

Eneo la Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka au hata pungufu, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kericho hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Baada ya Aprili anga hufungwa kama duka la mwenye madeni. Nilimuuliza binamu, "Sasa hapa watu hulima nini?" Hakunijibu kwa maneno. Alinishika mkono, tukapanda kijilima kidogo, akanionyesha bondeni.

Lo! Katikati ya ukavu ule palikuwa na mistari ya kijani iliyonyooka kama gwaride la askari. Ilikuwa ni mizabibu. Hata kwetu Kenya mizabibu ipo, huko Naivasha, lakini mimi sikuwa nimewahi kuiona ila katika Biblia na kwenye pakiti za maji ya matunda.

Wenyeji husema kuwa ni wamisionari wa Kikatoliki walioleta mizabibu katika sehemu hizo za Bihawana, ili wapate divai ya misa. Waligundua jambo ambalo kwa mara ya kwanza haliaminiki: zabibu haipendi mvua nyingi. Maji yakizidi majani hushikwa na ukungu, na matunda huwa chapwa. Ukavu ambao huua mahindi ndio unaoipa zabibu utamu. Siku hizi zao hili limeenea kote, na kuna kituo cha utafiti huko Makutupora, kaskazini ya mji, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mojawapo ya aina za zabibu zinazopandwa sana imepewa jina la mahali hapo, Makutupora Nyekundu.

Shamba tulilolifikia lilikuwa la dada mkubwa wa mkazamjomba, ambaye binamu humwita mama mkubwa, nami nikamwita vivyo hivyo. Hapo ndipo mjomba hupumzika kila Jumamosi, kwa kuwa ni katikati ya mzunguko wake. Na hapo ndipo nilipoijua siri ya mnong'ono wa asubuhi. Binamu alikata kichala kimoja, akahesabu punje kumi na tano, akamkabidhi baba yake. "Mama amesema hizo tu." Mjomba alizila moja moja, akizitafuna polepole ili zisiishe, kisha akaweka mikono nyuma. Mgonjwa wa sukari kupumzika katika shamba la zabibu! Mimi sikuhesabiwa, kwa hivyo nilikula hadi midomo ikawa ya zambarau.

Mama mkubwa alinitembeza shambani. Aliniambia kuwa kabla ya kupanda, huchimbwa mitaro mirefu ikajazwa samadi, kisha vipande vya matawi vikapandwa humo. Mkulima hungoja miaka miwili au mitatu ndipo aone mavuno ya kueleweka. Matawi hufungwa kwenye nyaya zinazoshikiliwa na nguzo, nazo nguzo za miti huliwa na mchwa. Majani hunyunyiziwa salfa ili yasishikwe na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga. Na ndege nao! Kuanzia zabibu zinapobadilika rangi, mtoto mmoja wa nyumba hushinda shambani na kopo la mawe, akilipiga na kupiga kelele.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni kupogoa. Nchi za baridi kama Ufaransa na Italia, mzabibu hulala wakati wa baridi kali. Hupukutisha majani, hupumzika, kisha huamka na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hivyo mzabibu ukiachwa hivi hivi hukua tu majani na matawi, haujui wakati wa kulala wala wa kuamka. Basi mkulima huusaidia. Hukata karibu matawi yote, akabakiza vijiti vifupi tu. Baada ya hapo mti huchipuka upya, na baada ya miezi minne hivi kunakuwa na vichala vilivyoiva. Ndiyo sababu Dodoma hupata misimu miwili kwa mwaka, mmoja karibu na Machi na mwingine karibu na Agosti.

"Mara ya kwanza nilipopogoa nililia," mama mkubwa aliniambia. "Nilikata mti wangu mzuri wenye majani, nikaona nimeua. Wiki mbili, macho yakachomoza."

Alisema hayo akitabasamu, lakini niliona kuwa kila mara gari liliposikika mbali barabarani, aligeuza kichwa. Mjomba pia aliona. "Shemeji, mbona huna raha?"

Ndipo akatueleza. Mnunuzi mmoja aliahidi kuja na gari siku ya Alhamisi. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Alipopigiwa simu alisema gari limeharibika, na kwamba huenda akaja Jumanne, tena bei haitakuwa ile waliyoagana. Mama mkubwa alikuwa amekopa katika kikoba cha kijiji ili anunue salfa na samadi, na siku ya kurejesha ilikuwa Jumatatu. Hawa wenzake wa kikoba si benki. Ni majirani, mnakutana nao kisimani. Usiporejesha, mwingine hapati.

Huenda wewe msomaji ukauliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini asizikate akaziweka ndani. Mama mkubwa hakunicheka. Alinieleza kwa upole. Ndizi unaweza kuikata ikiwa mbichi ukaivumbika, ikaivia nyumbani. Zabibu haina mtindo huo. Ukiikata mbichi itabaki mbichi milele. Na ukiikata mbivu, usipokuwa na chumba cha baridi, kwa siku chache tu itaanza kunyauka na kuoza. Ukiiacha mtini nayo, kuna ndege na nyuki. Kwa hivyo mwenye zabibu ana siku zake chache za kuuza, na mnunuzi anazijua siku hizo vizuri kuliko hata yeye.

"Wenye mitambo wao hukamua wakapata mchuzi," alisema. Usidhani ni mchuzi wa kulia ugali! Huko Dodoma mchuzi wa zabibu ni ile divai ghafi inayowekwa kwenye matangi, ambayo viwanda huinunua na kuitengeneza zaidi. Mchuzi unaweza kungoja bei. "Mimi sina mtambo wala tangi. Alizeti ingekuwa afadhali. Alizeti ukiitia guniani ikakaa mwezi mzima, inakutazama tu. Nimefikiria kung'oa haya yote msimu ujao."

Aliposema kung'oa, hakuna aliyejibu. Kopo la yule mtoto mlinzi ndilo lililosikika peke yake. Mizabibu ile alikuwa ameipanda na marehemu mumewe, mtaro kwa mtaro, na mingine ilikuwa na umri kunishinda mimi.

Mjomba alisimama akaitoa simu yake mfukoni. Ujuzi wa malori haupotei. Alipiga kwa mmoja, akapiga kwa wa pili, wa tatu akasema ana pikapu itakayokuwa ikirudi mjini bila mzigo saa sita. "Basi saa sita itukute tayari," mjomba akasema. Akakunja mikono ya shati.

Tulifanya kazi, ndugu msomaji! Kukata kichala si kung'oa. Unakishika chini kwa kiganja, unakata kikonyo kwa mkasi, unatoa punje zilizooza, unakilaza kwenye kreti bila kukirusha, maana punje moja ikipasuka huziharibu jirani zake. Kreti zikijaa huwekwa kivulini, wala hazishindiliwi. Mgongo uliniuma, mikono ikanata, nyuki wakanizunguka kana kwamba mimi ndimi mzinga. Mama mkubwa alikuwa akipita mistari akionja, na kusema, "Huu kata, huu acha mpaka Jumanne." Alichagua zilizoiva zaidi peke yake. Pikapu ilipofika saa sita na nusu, tulikuwa na kreti ishirini na mbili.

Mama mkubwa na binamu walipanda, wakaenda kuziuza katika soko la Majengo na kwenye kituo cha mabasi, kwa kilo na kwa vifuko vidogo. Mimi na mjomba tulibaki na yule mtoto, tukala ugali wa uwele na mlenda, tukalinda zilizobaki. Waliporudi karibu na saa kumi, kreti zote zilikuwa tupu isipokuwa tatu. Mama mkubwa alikaa chini ya mti akazihesabu noti juu ya khanga yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akatenga za kikoba, akazifunga fundo. Zilizobaki zilikuwa haba, hazitoshi hata samadi ya msimu unaofuata. Lakini lile fundo alilikaza kwa meno.

Nilidhani kuwa mjomba sasa atapanda ile pikapu tupelekwe nyumbani, maana miguu yangu haikuwa yangu tena. Wapi! "Tumetembea nusu," alisema. "Dawa hainywewi nusu." Tukaimaliza ile nusu ya pili jua likishuka. Njia yenyewe ilikuwa nyingine kabisa: nyumba za tembe zenye mapaa bapa ya udongo, ng'ombe wakirudi zizini katika vumbi la dhahabu, na mashamba mengine ya zabibu, makubwa kwa madogo. Asubuhi ningeyapita nikisema tu ni mazuri. Jioni ile niliyatazama kwa jicho jingine. Kila shamba nililiuliza moyoni: gari lako limekuja?

Yule mnunuzi alikuja Jumanne kweli, akachukua zilizobaki kwa bei yake aliyoitaka. Sisi tuliondoka Jumatano.

Nimeyaandika haya si kwa sababu ya kutaka kujigamba kuwa nimevuka mpaka. Nimeyaandika kwa sababu tunafundishwa kuwa kilimo ni uti wa mgongo, tunajibu hivyo katika mtihani na kupata alama, lakini uti huo tunauona kwenye ramani tu, vijidoti vya kahawa hapa, vijidoti vya chai pale. Kijidoti hakikuonyeshi mama anayegeuza kichwa kila asikiapo gari. Utamu wote wa zabibu ulikuwa tayari umo ndani yake. Jasho lilikwisha kutoka, samadi ilikwisha kulipiwa, ndege walikwisha kufukuzwa. Kilichobaki kilikuwa siku chache na gari moja. Hata hapa kwetu, mwenye maziwa, mwenye nyanya na mwenye maembe wanalijua jambo hili vizuri. Chama chetu cha Kiswahili kimekuwa kikitafuta mahali pa kwenda ziara mwaka ujao na kulalamika kuwa hatuna pesa za basi. Napendekeza tuzunguke. Tutoke kwa lango la mbele la shule, tupite vijiji vilivyo nyuma yetu ambavyo hatujawahi kukanyaga, na turejee kwa lango la nyuma, tukiwauliza tunaokutana nao wanalima nini na ni nani huja kununua. Haitatugharimu ila soli za viatu.

Mwezi huu wa Novemba binamu ameniletea ujumbe kwa simu ya mama. Anasema mjomba hajakosa Jumamosi hata moja na daktari amefurahi. Mama mkubwa ameng'oa mistari minne ya mizabibu, na mvua zikianza atapanda alizeti mahali pake. Hiyo mingine yote ameipogoa wiki jana, na macho yameanza kuchomoza.